Kijana Tuliyemwita Sadaka

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa sikukuzaa, jana ulinipigia simu ukitaka jibu la neno moja, nami nikakuambia ungoje. Najua ulikasirika, maana ulikata simu kabla sijakuaga. Timu ya Kanada inavuka daraja la mpakani mwezi ujao kuja kucheza nanyi kriketi ya siku nne hapa Buffalo, wewe ndiye nahodha, na umebakiza nafasi moja tu ya mrushaji wa mpira wa kuzungusha. Unaye yule fundi umeme wa miaka arobaini, ambaye mpira wake hauzunguki sana lakini hapotezi kichwa. Unaye pia kijana aliyeanza kurusha tangu theluji ilipoyeyuka, ambaye mpira wake ukigusa chini unakata kona mpaka mpigaji anabaki kupiga hewa. Ukaniuliza, "Mzee, nimchukue au nimwache?"

Sikukosa la kusema. Ila kuna siku moja ninayoikumbuka kila nikisikia swali la namna hiyo, na sikutaka kuisimulia huku wewe unaendesha gari kwenda kazini. Kwa hiyo nimekuandikia. Isome ukiwa umekaa, na usiruke mistari kama ulivyozoea.

Ilikuwa Jumatano jioni, kule mjini Louisville tulikoishi zamani, baada ya mazoezi ya kwaya. Nilikuwa na miaka thelathini na nilijiona nimeshamaliza kujifunza. Tulifanya kazi kwenye ghala pamoja na Wanepali, watu waliokaa kambini miaka mingi kama sisi, na hao ndio waliotufundisha kriketi. Wakati wa mapumziko tulicheza kwenye maegesho ya magari kwa mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe mweusi wa umeme. Mwanzoni tuliwacheka, mchezo gani huu wa kusimama na kunywa chai, lakini baada ya mwaka mmoja tulikuwa tunagombania gongo la kupigia mpira.

Kila mwaka, mwanzoni mwa Septemba, kwenye ile wikiendi ndefu ya sikukuu ya wafanyakazi, sisi Warundi na Wakongo wa Louisville na Columbus tulikutana na Wanepali wa Columbus kwa mechi moja kubwa. Ilichezwa Jumamosi na Jumatatu, kwa sababu Jumapili hakuna Mrundi ambaye angekubali kuonekana uwanjani wakati wenzake wako kanisani. Wanepali walikubali bila ubishi, wakaiita Test, kwa utani, kwa jina la zile mechi za siku tano ambazo mataifa makubwa hucheza. Kwetu haukuwa utani. Ilikuwa ndiyo siku pekee katika mwaka ambapo mtu alitutaja kwa jina la nchi yetu bila kutanguliza neno mkimbizi.

Nilikuwa nahodha, na Jumatano ile nilisimama chini ya kanisa, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki, nikasoma majina kumi na moja kutoka kwenye karatasi. Jina la mwisho lilikuwa Eliya. Huyo alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto pekee wa Mama Eliya, mjane aliyekuwa jirani yetu tangu kambini Kigoma na ambaye kule Louisville alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Eliya alikuwa na vidole virefu kama vya mama yake. Alianza kurusha mpira mwezi wa Mei, na kufikia Agosti hakuna mtu pale maegesho aliyeweza kuupiga mpira wake. Lakini mpira ule mgumu wa ngozi, ule wa mechi yenyewe, alikuwa ameushika mara tatu tu.

Niliyemwacha alikuwa Mzee Salvatori, aliyerusha kwa ajili yetu miaka yote. Nilidhani atakuja kulalamika. Alikuja, lakini si kwa ajili yake.

"Yohana," aliniambia, "mimi magoti yamekwisha, umefanya vizuri kuniacha. Ila mtoto huyu hajawahi kupigwa. Mwache kwanza apigwe hapa nyumbani, mbele yetu tunaompenda, halafu ndiyo umpeleke mbele za watu."

"Mzee, atajifunza hukohuko," nikamjibu.

Alinitazama kama mtu anayetazama chungu kinachochemka bila mtu jikoni.

Nilipofika kwenye gari nikamkuta Eliya ananisubiri. Alikuwa mtoto mwenye heshima, asiyeweza kukuangalia usoni akiwa na jambo zito. Akasema, "Anko, mwaka huu niache. Nitacheza mwaka ujao. Ule mpira mgumu bado haujakaa mkononi."

Sasa nisikilize vizuri, maana kosa langu lilianzia hapa, na ni kosa ambalo labda wewe uliyezaliwa hospitali ya Buffalo huwezi kulifanya. Sisi tulikulia kwenye ubao wa majina. Kambini, mtu wa ofisi alikuwa akibandika asubuhi karatasi ya walioitwa kuhojiwa ili wahamishiwe nchi nyingine, na jina lako likiwa pale, unakwenda. Uwe na homa, uwe na mtoto mgongoni, mvua inyeshe mpaka nyumba ijae maji, unakwenda. Baba yangu jina lake lilibandikwa siku aliyokuwa na malaria. Akasema, "Nitakwenda wiki ijayo nikiwa na nguvu ya kujieleza." Wiki iliyofuata wakamwambia faili lake halionekani. Tulisubiri miaka sita tena, na yeye hakuimaliza. Kaburi lake liko kule, nyuma ya shule, na sidhani kama bado lina alama.

Kwa hiyo Eliya aliposema mwaka ujao, sikumsikia Eliya. Nilimsikia baba yangu, na hofu ikanipanda. Nikamshika bega, nikamwambia, "Jina lako limesomwa. Jina likisomwa, mtu anainuka. Hakuna mwaka ujao."

"Sawa, Anko," akasema. Kisha akaongeza kwa Kiingereza, "It's fine," yaani haina neno. Baadaye mama yake alinieleza kuwa mtoto yule akitaka kujificha huingia kwenye Kiingereza. Mimi nilidhani amekubali.

Uwanja wa Columbus ulikuwa mkubwa, upo mwendo mfupi kutoka Whitehall, ambako nusu ya timu yetu ilikuwa ikiishi. Watu walikuja na masufuria, na viti, na watoto. Walikuja hata wengine kutoka hapa Buffalo, mwendo wa saa tano barabarani, ili tu waone Burundi ikiitwa Burundi. Mama Eliya aliomba ruhusa kazini akaja, akakaa mbele kabisa na kitenge kipya.

Nilimpa Eliya mpira saa tano asubuhi. Wewe unajua mchezo, lakini nakueleza kwa ajili ya wengine watakaoisoma barua hii: mrushaji wa kuzungusha harushi kwa nguvu. Anarusha polepole, anautega mpira, na silaha yake ni vidole vyake na uvumilivu wake. Vidole vikitetemeka, anabaki mtu anayempa mpigaji mpira laini ili aupige anavyotaka. Eliya alirusha wa kwanza ukadunda mara mbili kabla ya kufika. Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Wa pili ukapita juu ya kichwa cha mpigaji. Wa tatu ulikuja vizuri, lakini yeye mwenyewe hakuuamini, akaupunguza, na mpigaji akaupeleka nje ya uwanja. Ukaangukia kwenye maegesho, juu ya gari la mchungaji.

Ningeweza kumpumzisha pale pale. Mtu anamwita mchezaji, anampiga mgongoni, anamwambia kasimame kule pembeni unywe maji. Sikufanya hivyo. Nilisema moyoni, ataamka. Kila alipomaliza mipira yake sita nilimtazama, naye hakunitazama, na zamu ilipofika tena upande wake nikampa mpira. Sikufichi, mwanangu, sehemu ya jambo hili ilikuwa kiburi. Kumtoa kungekuwa kukiri mbele ya Mzee Salvatori kwamba alisema kweli, na Mzee Salvatori alikuwa amekaa pale kivulini na kikombe chake.

Jumapili tulisali Whitehall na wenzetu. Eliya alikaa nyuma. Jumatatu nikamrushia mpira tena, nikamwambia leo ni siku yako.

Unajua kilichomvunja moyo ni nini? Si mapigo. Saa nane mchana wale Wanepali, watu wazima wenye watoto, walianza kumwonea huruma. Mpigaji wao alipata mpira mbovu kabisa, wa kupigwa nje ya uwanja, akaugusa tu kwa upole ukarudi miguuni mwa Eliya. Uliofuata akafanya vilevile. Kila mtu uwanjani akaelewa, na Eliya akaelewa kuliko wote. Alisimama katikati na mpira mkononi kama mtu aliyepewa kitu asichojua pa kukiweka. Ndipo nikamtoa, nikiwa nimechelewa siku moja na nusu.

Tulishindwa vibaya sana. Lakini hilo silo ninalotaka kukueleza, kushindwa ni kawaida, hata wewe utashindwa.

Tulirudi Louisville kwa gari la kanisa, watu kumi na wawili, jua bado liko juu. Mama Eliya alikuwa ameondoka mapema kuwahi shifti yake. Niliona wenzangu wananiangalia kwa kuibia, kila mmoja akiuliza bila kufungua mdomo ni nani aliyemchagua huyu. Nilikuwa nimekaa mbele. Nilijua ningepaswa kugeuka na kusema, jamani, kosa ni langu, mimi ndiye niliyemlazimisha. Maneno yalikuwa pale mdomoni. Badala yake niligeuka, nikatabasamu, nikasema, "Jamani, Eliya leo hakurusha mpira. Alitoa sadaka."

Gari zima lilipasuka kwa kicheko. Mtu akasema, "Na fungu la kumi juu yake!" Mwingine akaimba wimbo wa matoleo, wenzake wakaitikia na makofi. Nikahisi mzigo umenitoka mabegani, kweli kabisa, nilipumua. Eliya naye alicheka. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma dirishani, akacheka pamoja nao, akasema, "It's fine, it's fine."

Wewe unawajua watu wetu. Jina la utani likishika halitoki. Kabla ya Ijumaa lilikuwa limefika Columbus na Buffalo kwa simu, pamoja na video ya ule mpira uliopita juu ya kichwa. Watoto wa shule ya Jumapili wakawa wanamsalimia, "Shikamoo, kaka Sadaka," bila kujua wanalolisema. Kikapu cha matoleo kilipopita kanisani vijana walimgeukia na kucheka chini chini. Akahama kiti, baadaye akahama ibada, baadaye hakuja tena. Masomo ya chuo aliyokuwa ameanza aliyaacha baada ya Krismasi. Mwezi wa pili akapanda basi akaja hapa Buffalo, akapata kazi kwenye ghala kule Cheektowaga, na hakumuaga mtu isipokuwa mama yake.

Mama Eliya alikuja kwangu Jumapili moja baada ya ibada. Mke wangu alimkaribisha chakula, akakataa kukaa. Alisimama mlangoni na koti lake.

"Baba Neema," akasema, "sikuja kugombana. Wewe ulikuja kwangu ukamchukua mwanangu akiwa na jina nililompa mimi na baba yake. Umenirudishia hana."

Nikaanza kujieleza. Nikasema ni vijana, ni utani, utapita. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga vifungo vya koti, akaenda. Chakula kile kilibaki mezani siku nzima.

Ungedhani ningempigia simu Eliya siku ile. Sikumpigia. Nilikuwa naona aibu, na aibu nikaiita heshima, nikasema simsumbui kijana wa watu. Ikapita miaka mitatu. Kisha Mama Eliya akaugua kifua, ukawa ugonjwa wa haraka, na akafa mwezi wa Novemba.

Eliya alikuja kumzika mama yake. Alikuwa amenenepa kidogo, ana ndevu, amevaa suti isiyo yake. Tulipofika makaburini ilikuwa baridi na udongo umelowa, tukatakiwa kubeba jeneza kutoka kwenye gari mpaka kaburini. Upande mmoja alipungua mtu. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema, asiye na hila hata kidogo, akaangaza huku na huku, akamwona, akaita kwa sauti, "Sadaka! Sadaka, njoo ushike huku."

Hakuna aliyecheka, mwanangu. Yule mzee hakujua kwamba ni tusi. Kwake lilikuwa jina la kijana, basi. Na Eliya alikwenda. Akashika jeneza la mama yake akiitwa kwa jina lile, akatembea nasi mpaka mwisho, akatupa udongo wake, akapanda gari. Tulimwandalia chakula kanisani, hakufika. Mimi nilikuwa nimeshika jeneza mbele yake hatua mbili, na hata pale sikugeuka kusema neno. Mpaka leo nikiosha mikono nakumbuka baridi ya kile chuma cha kushikia.

Tulipohamia hapa Buffalo kumfuata binti yetu Neema, nilikaa majira mawili kabla ya kupiga moyo konde. Nikapata anwani ya Eliya, mtaa wa East Side, nyumba ya juu yenye ngazi za nje. Nilikwenda Jumamosi mchana. Alinifungulia, akanisalimia shikamoo kama alivyolelewa, lakini hakuniambia karibu. Tulisimama pale kwenye kibaraza. Nikamwambia yote niliyokuandikia hapa: ubao wa majina, baba yangu, kiburi changu mbele ya Mzee Salvatori, jeneza. Nililia, mimi mtu mzima mwenye mvi.

Alingoja nimalize. Akasema, "Anko, nilidhani unakuja kuniomba msamaha kwa sababu ulinichagua. Hilo halikuniuma. Nilirusha vibaya, mtu yeyote anaweza kurusha vibaya. Siku ile kwenye gari nilikuwa nakuangalia wewe kisogoni, nikisema moyoni, Anko atageuka sasa hivi. Ukageuka."

Nikajifuta machozi kwa kiganja.

"Nimekusamehe," akasema. "Mama aliniambia nikusamehe. Lakini usirudi hapa, Anko, tafadhali." Akafunga mlango taratibu, bila kuupiga. Sijarudi. Nikimwona dukani namwamkia kwa mbali kwa jina lake, Eliya, naye anainua mkono, na kila mtu anaenda na toroli lake.

Sasa swali lako. Umeniuliza kama kijana amekomaa, nami nakuambia umeuliza habari za mtu asiyehusika. Vidole vyake havina tatizo. Huenda atawatisha Wakanada wote, huenda atapigwa mpaka watu waondoke na viti vyao, na hakuna mzee duniani atakayekuambia ni lipi kati ya hayo. Anayetakiwa kupimwa ni wewe. Kaa peke yako, ujione siku ya pili ya mechi, mpira wake umekwenda nje mara tano, watu wanakutazama, baba yake kijana yuko pale mbele. Je, utatembea mpaka katikati ya uwanja, uuchukue mpira mkononi mwake kwa mkono wako, umshike bega, useme kwa sauti ya kusikika kwamba ni wewe uliyemweka pale? Je, mkiwa kwenye gari utasema tena, kabla mtu hajapata mzaha wa kusema? Kama moyo wako unajibu ndiyo bila kusitasita, mchukue, hata akiwa amerusha mara moja tu maishani. Kama unasitasita, mpeleke fundi umeme, na wala usimwambie kijana kwamba hajakomaa. Mwambie nahodha wake ndiye hajakomaa.

Na ukimwuliza kama anataka kucheza akakuambia mwaka ujao, mwamini. Mtu anayejua kwamba hayuko tayari amekupa habari ambayo ungeitafuta kwa gharama kubwa. Hapa si kambini. Mwaka ujao upo, Mungu akipenda, na uwanja utakuwa palepale.

Basi, mwanangu, sina zaidi. Nenda ukachague. Mungu akupe macho ya kumwona mtu kabla ya kuuona mpira wake. Akupe ushindi kama anaona utakufaa. Na siku utakaposhindwa, watu wakikutazama na ulimi ukakuwasha, Mungu aufanye mdomo wako kuwa mzito kwa mdogo wako, na mwepesi kwa kosa lako mwenyewe. Amina.